Jeli ya Usiku na Jua la Asubuhi

Daktari aliponiambia nijihadhari na jua, nilidhani amesahau ninakotoka. Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba naishi Yakobi, pembeni ya mji wa Njombe, ambako mwezi wa sita majani ya viazi huamka yameungua kwa baridi, na mtu akikuona umesimama juani anakuja kusimama nawe. Jua gani tena la kujihadhari nalo? Nikatikisa kichwa kukubali, kama tunavyofanya wengi mbele ya madaktari, nikachukua jeli yangu nikaondoka.

Naandika haya kwa ajili ya yule anayesoma huku amejifunika mtandio mpaka puani. Ukiumwa malaria, watu watakuja kukupa pole. Ukiwa na chunusi na umeshapita miaka thelathini, watakuambia ni damu ya ujana, itapoa, kisha watatazama pembeni. Zangu zilianza nilipomwachisha ziwa mwanangu Joeli, na hazikuwa vipele vya kuosha kwa sabuni vikaisha. Yalikuwa mafundo chini ya ngozi, mashavuni na kidevuni, yanauma ukiyalalia, na yakipona yanaacha shimo au doa jeusi. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, katika chumba nilichopanga Mjimwema, mjini Njombe. Mteja anayepimwa kifua anasimama uso kwa uso na fundi. Nilijifunza kupima watu nikiwa nimeinama, na wazazi wengine walinisifu kwamba nina adabu.

Mume wangu, Baba Joeli, anafanya kazi kwenye yadi ya mbao Makambako na hurudi nyumbani Jumamosi. Ndiye aliyesikia kwamba kuna daktari wa ngozi anayefika kwenye kituo kimoja cha afya kule, mara moja kwa mwezi. Nikaenda.

Benchi la wagonjwa wa ngozi ni la peke yake. Kwenye mabenchi mengine watu huulizana, "Mwenzangu unasumbuliwa na nini?" Pale hakuna anayeuliza, maana kila mtu ameshaona. Tulikaa, mmoja kafunika shingo, mwingine kaficha mikono mifukoni. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, magamba yamempanda mpaka kwenye viwiko, akafungua chupa yake ya uji, akamimina kwenye kifuniko, akanipa. Nikanywa. Sikuwahi kujua jina lake, lakini uji ule nauhesabu katika dawa nilizopewa.

Daktari alikuwa kijana, na kwa lafudhi yake nilijua ni mtu wa pwani. Alinieleza taratibu, nami nilisikia kila neno. Kuelewa ni habari nyingine. Jeli hii, alisema, ni ya jamii ya vitamini A. Unanawa uso kwa sabuni laini, unaukausha, unasubiri kidogo mpaka ukauke kabisa. Unachukua jeli kiasi cha punje ya njegere, unaisambaza uso mzima, siyo kuidondosha juu ya chunusi mojamoja. Unakwepa macho, midomo na pembe za pua. Unapaka usiku mmoja, unapumzika unaofuata, mpaka ngozi izoee. Juu yake unapaka mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato. Hakuna kusugua kwa ndimu wala kwa dodoki. Mchana, kujikinga na jua kwa kofia na losheni.

"Na mwanzoni zitazidi," akasema.

"Zitazidi?"

"Zitazidi, halafu zitapungua. Wengi hukata tamaa hapo katikati. Usikate tamaa kabla ya miezi mitatu."

Nikajiuliza ni dawa gani inayokuja kuongeza ugonjwa. Kabla sijapata jibu akaniuliza kama nina mimba. Nikasema sina. Akauliza kama tuna mpango wa kupata mtoto.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda kingine, kisichoonekana usoni. Joeli alikuwa darasa la pili, na tangu tuanze kumtafutia mdogo wake hatukuwa tumepata hata fununu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye kwenye boma moja, hakuna sala aliyomaliza bila kumkumbusha Mungu jambo hilo, kwa sauti, tukiwa tumefumba macho wote mezani.

"Mpango tunao, dokta," nikamwambia. "Mtoto ndiye hana mpango na sisi."

Hakucheka. Alisema jeli hii haitumiwi na mjamzito, wala na anayetafuta ujauzito. Kama bado tunatafuta, angenipa dawa nyingine, ya polepole zaidi. Kama nataka hii, basi tujikinge, na siku nikikosa hedhi niiache siku hiyohiyo nirudi kwake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi sikumficha kitu, na bado nilitoka mle ndani sijui nachagua nini. Nilichagua uso. Nilikuwa nimechoka kuinama.

Baba Joeli nilipomweleza habari ya kujikinga alicheka mpaka akakohoa. "Tujikinge na mgeni asiyekuja?" Lakini alikubali, na mwanzoni tulitumia kondomu kama tulivyoagizwa.

Jeli yenyewe ilianza vizuri. Usiku wa kwanza sikuhisi kitu, wa pili ikawasha kidogo. Baada ya hapo uso ukaanza kubanduka. Ngozi ilitoka vipande vyembamba kuzunguka mdomo, na nikicheka ilivuta. Chunusi nilizokuwa nazo zikaamka, na ambazo sikujua kama zipo zikaja kuzisalimia. Nikakumbuka daktari alisema zitazidi, nikajituliza. Ila sikujua kuzidi kunakoruhusiwa kunaishia wapi.

Sasa niseme habari ya asubuhi zetu. Yakobi, wakati wa baridi, hakuna anayeanza kazi kabla ya kuota jua. Ukimaliza kuwasha moto na kumtoa mtoto kwenda shule, unachukua kigoda unakaa kwenye ukuta unaotazama mashariki. Mama mkwe ana kigoda chake, mimi nina changu, na kati yetu kuna beseni la viazi vya kumenya. Tunakaa pale tumeinua nyuso, macho tumefumba, mpaka mifupa ikubali kuwa kumekucha. Hapo ndipo habari zote za kijiji husemwa. Ukikosekana kwenye ukuta ule, watu watauliza kama unaumwa au mmegombana.

Mama mkwe alipoona uso wangu umevimba na kuwa mwekundu alisema, "Sogea huku jua lilipo, mwanangu. Vidonda hukaushwa na jua." Nikasogea.

Msinicheke. Agizo la daktari nililishika, ila nililishikia Makambako. Kule ni chini kidogo kuliko kwetu, kuna vumbi na upepo, na mchana mtu anatafuta kivuli. Kila nilipokwenda kumwona Baba Joeli, nilishuka stendi nimevaa kofia pana na nimejipaka ile losheni ya kukinga jua. Nikirudi Njombe navua kofia, naweka losheni kabatini isiishe bure. Akilini mwangu, jua la Makambako lilikuwa jua. La kwetu lilikuwa moto wa bure uliotumwa na Mungu kwa sababu ya baridi.

Kwa hiyo usiku nilipaka jeli, asubuhi nikaunyoosha uso kwenye jua kama mtu anayeanika unga. Na sikuelewa kwa nini nilikuwa nikiungua. Mashavu yakawa na rangi tatu: wekundu palipobanduka, weusi palipoungua, na weupe fulani uliopauka pembeni. Nikapunguza jeli, nikaiongeza, nikaiacha, nikairudia. Nikilala nilijiuliza kama ni dawa iliyokosewa au ni mimi niliyekosea.

Rangi zile tatu ndizo zilizoleta maneno. Mke wa jirani alisema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika barabarani kwamba Mama Joeli sasa anajichubua. Jumapili, baada ya ibada, wanawake wa kwaya walinisalimia, "Kamwene," huku wakinikagua vidole, maana mkorogo haufichiki kwenye viungo vya vidole. Niliumia. Nilitamani niwaambie kwamba mtu anayetaka kuwa mzuri hawezi kukubali kufanana na mimi wakati ule.

Mama mkwe hakuyaamini maneno ya watu, lakini aliniuliza mwenyewe, tukiwa kwenye viazi. "Hiyo unayopaka ni mkorogo?"

"Siyo, mama. Ni dawa ya hospitali."

"Dawa gani inamkataza mtu kuzaa?"

Sikujua nani alimwambia. Baba Joeli, bila shaka. Hajawahi kumficha mama yake hata bei ya viatu. Nikajaribu kueleza kwamba haikatazi kuzaa, ila haifai wakati wa mimba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika vibaya hata masikioni mwangu mwenyewe.

"Mimi ninasali Joeli apate mdogo wake," akasema, "na wewe unajipaka cha kumzuia. Sasa Mungu amsikilize nani kati yetu?"

Akachukua beseni akaenda kumenyea jikoni. Siku zilizofuata kigoda chake kilikaa ukutani bila mtu. Nililia, na machozi yakipita kwenye ngozi iliyobanduka yanachoma, kwa hiyo hata kulia nikaacha.

Nilirudi Makambako kabla ya siku yangu, nimeibeba ile jeli mkononi tayari kuirudisha. Benchi lilikuwa limejaa. Aliyekaa karibu nami safari hii hakuwa na uji, alikuwa na maswali, nami nikajifanya nimelala. Daktari aliponiona aliinuka kwenye kiti.

"Mama, unafanya kazi shambani?"

"Nafuma masweta, dokta. Ndani."

"Jua unalipata wapi?"

"Jua?" nikashangaa. "Njombe hakuna jua."

Kisha akauliza, "Asubuhi, kukiwa na baridi, huwa mnafanyaje?"

Nikamweleza ule ukuta, vigoda, na viazi. Nikamweleza hadi ushauri wa kukausha vidonda. Akashika kichwa, na hapo ndipo nikamwona akicheka kwa mara ya kwanza, akaniomba radhi huku anacheka. Baridi, alisema, haizuii jua kuunguza. Kwetu ni juu milimani, jua linafika likiwa kali kuliko tunavyolihisi, na jeli hii huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika. Kilichoniunguza hakikuwa dawa peke yake. Nilikuwa naupika uso wangu asubuhi, kisha usiku naupaka dawa.

Aliniambia nipumzike na jeli mpaka ngozi itulie, nipake mafuta ya kulainisha tu, kisha nianze upya taratibu, mara mbili kwa wiki, halafu usiku mmoja nipake mmoja nipumzike. Losheni ya jua kila asubuhi, hata kukiwa na ukungu. Na uso usisogee karibu na jiko. Nikamuuliza kwa nini hakusema hayo mwanzoni. Akasema alisema jua. Ni kweli alisema jua, na mimi ni kweli nilisikia jua.

Niliporudi nilimweleza mama mkwe kwa heshima kwamba sitakuwa nakaa tena ukutani. Nilihamishia kigoda changu upande wa pili wa nyumba, kwenye kivuli, mahali ambapo umande hauondoki mpaka saa nne. Asubuhi ya kwanza meno yaligongana. Ya pili nikasikia hatua. Mama mkwe alikuja amejifunga blanketi mbili, kigoda mkono mmoja, beseni la viazi mkono wa pili. Akakaa karibu nami kwenye baridi ile, akaanza kumenya.

"Kule nakosa wa kuzungumza naye," akasema, kana kwamba nimemuuliza.

Tulitetemeka pamoja mpaka kipupwe kikaisha. Hatukuzungumzia jeli wala mtoto. Alizungumzia bei ya viazi na jinsi jirani anavyonong'ona kwa sauti.

Pepo za mwezi wa nane zilipita na vumbi lake. Mwezi wa tisa nilijishika kidevu nikakosa fundo. Sikuamini, nikatafuta upande wa pili, nako hapakuwa na kitu. Madoa yalikuwepo, mashimo yapo mpaka leo, lakini hapakuwa na chunusi mpya. Mteja mmoja alikuja kupimwa sweta la mwanawe, nami nikampima huku nimeinua uso. Kazi yote niliyoifanya ilikuwa kwa ajili ya dakika kama ile, na nilifurahi sana.

Na kwa kuwa tulifurahi, tukalegea kujikinga. Mtu hafungi kwa komeo kila jioni mlango ambao miaka nenda rudi haugongwi na mtu. Mvua za kwanza ziliponyesha, watu wako shambani wanapanda, nikagundua kwamba hedhi yangu imepitiliza. Nikasema ni uchovu. Nikapima. Mistari miwili.

Hili ndilo nililokuwa nimelililia na kulisubiri, na lilipofika nilikaa chini sakafuni nikashindwa kujua nifanye uso gani. Jana yake nilikuwa nimepaka jeli. Wiki nzima iliyopita nilikuwa nimepaka. Furaha na hofu viliingia kwa mlango mmoja vikakwama. Niliiweka jeli kwenye mfuko, nikaufunga fundo, nikauweka juu ya kabati mbali na Joeli, na kesho yake nikapanda gari la Makambako.

Siku ile daktari wa ngozi hakuwepo. Zamu yake ilikuwa bado. Nesi alipoona siondoki akampigia simu, akanipa niongee naye palepale kwenye benchi, mbele za watu. Sikujali. Nilimwambia yote, hadi habari ya mlango usiogongwa.

"Umeshaacha kupaka?"

"Nimeacha jana, dokta. Nimemdhuru?"

"Sikiliza, mama. Jeli ya kupaka huingia mwilini kidogo sana. Siyo kama vidonge vya jamii hiyo. Vile ndivyo vya kuogopa hasa. Wengi walioipaka kabla ya kujua wamejifungua salama. Siwezi kukuapia, maana hakuna mimba ninayoweza kuiapia. Usiirudie tena, anza kliniki mapema, uwaambie ulichotumia."

Aliponiambia hawezi kuniapia, nilikasirika. Baadaye niliona ni neno la mtu mkweli. Lakini wakati ule nilitaka kuapiwa.

Mama mkwe nilimwambia mwenyewe. Alipiga goti akashukuru, akainuka, kisha likamjia wazo akanitazama shavuni. "Na ile dawa?"

"Nimeiacha."

"Lakini uliipaka."

"Niliipaka, mama."

Akakaa. Tangu siku hiyo sala yake ya mezani ilibadilika. Aliacha kumkumbusha Mungu, akawa anamwomba tu, kwa sauti ndogo, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Miezi ile ya mvua naikumbuka kwa mabenchi ya kliniki. Chunusi zilirudi, siyo kama zamani, lakini zilirudi, na nilipewa krimu nyingine inayofaa kwa mjamzito. Niliipaka bila hamu. Kwenye ultrasaundi mtaalamu alihesabu mikono, miguu, akanionyesha moyo unavyodunda, akasema anaona yote ni mema. Nikamuuliza uso. Akasema uso amegeuzia kwenye kondo la nyuma, hataki kupigwa picha. Baba Joeli alicheka, mimi nikarudi nyumbani na jambo jipya la kuwaza. Nilipima masweta tena nikiwa nimeinama, safari hii kwa sababu ya tumbo.

Binti yetu alizaliwa baridi ilipokolea tena. Alilia, akanyonya, alikuwa na kila kitu mahali pake. Nilimkagua kutwa nzima mpaka nesi akanikataza kumfunuafunua. Uso ulikuwa laini, haujaguswa na kitu. Nikasema basi, nimepona.

Hajafikisha hata mwezi, asubuhi moja nikaona vipele mashavuni mwake. Vidogo, vyekundu, vingine na ncha nyeupe. Vilikuwa chunusi, hakuna namna nyingine ya kuvieleza, katika mashavu yaleyale mawili na kidevu kilekile. Nikamfunga mgongoni nikakimbilia kliniki ya karibu bila kunywa chai, na njiani nilijishtaki na kujihukumu mwenyewe.

Nesi alimtazama, akatabasamu. "Hizi ni chunusi za watoto wachanga. Wengi wanazipata, hata ambao mama zao hawajawahi kupaka kitu. Mnawishe maji ya vuguvugu, usiminye, usipake chochote. Zitaondoka zenyewe."

"Usipake chochote?" nikauliza, maana katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniandikia dawa hiyo.

Niliporudi mama mkwe alikuwa amekaa ukutani, juani, kigoda changu kipo karibu yake. Akampokea mtoto. Akamfunua, akaviona. Nikaona mkono wake wa kulia unakwenda wenyewe kwenye kopo la mafuta ya mgando, kidole kikachota. Kikasimama hewani, juu kidogo ya shavu la mtoto.

"Tumpake nini?" akauliza. Hakuwahi kuniuliza hivyo tangu nilipoolewa.

"Hatumpaki kitu, mama."

Alinitazama, akamtazama mtoto. Akamgeuza taratibu, mgongo ukaelekea jua, uso ukaingia kwenye kivuli cha kifua chake. Kisha yale mafuta yaliyokuwa kidoleni akayapaka kwenye shavu lake mwenyewe.